Mgongo Hauna Adabu

Mwaka uliofuata kurudi kwa fuvu la Mkwawa Kalenga, ukiuliza mjini Iringa nani anajua kukanda, watu walikuelekeza nyumba moja tu pale Miyomboni, yenye cherehani barazani na mnyonyo uani. Cherehani ilikuwa ya Halfani. Mnyonyo ulikuwa wa mkewe, Mwantumu binti Bushiri, aliyeupanda mwenyewe kwa sababu hakuamini mafuta yaliyokamuliwa na mtu mwingine. Yalikuwapo mambo mengi asiyoyaamini mpaka ayafanye kwa mikono yake, na majirani walimtania kwamba angepewa nafasi hata mvua angeileta mwenyewe.

Alizaliwa Mbeya, katika ukoo wa watu wa pwani waliopanda bara na biashara ya vitambaa na chumvi wakasahau kuteremka. Kukanda alifundishwa na bibi yake, Mwanakhamisi, aliyewahi kukanda wanawake waliojifungua, wapagazi wa misafara, na kwa maelezo yake mwenyewe Mjerumani mmoja aliyelia. Bibi alimfundisha kupasha moto mafuta ya nyonyo na tangawizi, kulitafuta fundo la msuli kwa kidole gumba, na kulifuata mpaka lilegee. Akamwachia na msemo wake: mkono haudanganyi. Mwantumu akaolewa na Halfani, mtoto wa shangazi yake, akahamia Iringa, akazaa, akalea, akaozesha, na katika miaka yote hiyo hakuutilia shaka msemo ule. Watu walikuja wamepinda, wakaondoka wakisema wamenyooka. Ungetaka nini zaidi?

Shaka ilianzia nyumbani kwake, palepale barazani.

Halfani alikuwa na maumivu ya mgongo ya miaka mingi. Fundi cherehani hula kwa mikono lakini hulipa kwa mgongo, na yeye alikuwa amelipa sana. Kila jioni baada ya sala ya magharibi alilala kifudifudi juu ya mkeka, Mwantumu akamkanda kiuno mpaka jasho likamtoka yeye mkandaji, na kila jioni Halfani aliinuka akasema maneno yaleyale: "Afadhali, mama Zubery. Mungu akujalie." Zubery alikuwa mtoto wao wa kwanza, sasa ana nyumba yake Dodoma, na tangu azaliwe hakuna kati yao aliyemwita mwenzake ila mama Zubery na baba Zubery.

Lakini mwaka ule Mwantumu aliona mambo. Aliona mumewe ameegemeza gunia lililokunjwa nyuma ya kiti. Aliona amekataa kushona kanzu za Idi, akimwambia mteja kwamba uzi umekwisha, na uzi ulikuwa umejaa kwenye droo. Asubuhi moja alimwona akiinuka kutoka kwenye cherehani kwa kushika ukuta, akidhani hakuna anayemtazama. Uso ule haukuwa wa mtu mwenye afadhali.

Wiki hiyohiyo Gideoni alikuja kuchukua kaptula zake. Gideoni alikuwa dresa wa dispensari, Mbena wa upande wa Njombe, Mlutheri aliyenyooka kama kaptula anazopigisha pasi, na katika mji mzima hakuna aliyeweza kumwambia jambo la uongo akalimeza bila kulitafuna. Halfani alikuwa amekwenda msikitini. Gideoni akaona afadhali aseme na mwenye nyumba aliyepo.

"Mama Zubery, nimemwambia mzee aende hospitali kubwa, daktari amtazame mgongo. Amekataa. Anasema mke wangu ananikanda, sina haja."

"Na ni kweli. Namkanda."

"Najua unamkanda. Nauliza kama kunamsaidia."

Mwantumu akawaka. Akamtajia aliowaponya, mmoja mmoja, kwa majina na vijiji vyao. Akamtajia Severina, mjane wa Kalenga, aliyeletwa juu ya baiskeli kwa sababu hawezi kutembea. Akamtajia Sedekia, dereva wa lori wa Chimala, aliyekuja hawezi kuinua bega.

"Umejuaje kwamba wamepona?" Gideoni akauliza.

"Hawakurudi."

Gideoni akazifunga kaptula zake kwenye karatasi bila haraka. "Hata kwangu wako wasiorudi, mama. Wengine wamepona. Wengine wamenichoka. Wengine tumewazika. Mimi sijawahi kwenda kuwatazama, na sidhani kama wewe umekwenda."

Akaaga kwa heshima, akaenda zake. Kwa siku kadhaa baada ya hapo sufuria za nyumba ile ziliwekwa mekoni kwa kishindo. Kilichomuudhi Mwantumu ni kwamba swali lilikuwa la haki na yeye hakuwa na jibu, na hakuzoea kukosa jibu. Kama mkono wake unasaidia, mbona Halfani anashika ukuta? Na kama hausaidii, basi miaka yote ile yeye mwenyewe ndiye aliyemzibia mumewe mlango wa hospitali. Wazo hilo lilimtia hofu ya kweli. Akaamua kulijua jambo lile, liwe tamu liwe chungu, na akaanza na Kalenga.

Severina alimpokea kwa mikono miwili. Wakasalimiana kamwene kwa Kihehe, akaletewa kigoda, akaletewa mahindi ya kuchemsha. Mwantumu akauliza habari za mgongo.

"Ah, mgongo imepona, mama. Imepona kabisa," Severina akasema. "Mikono yako ni ya baraka. Mimi nakuombea kila siku kanisani."

Mwantumu akafurahi, lakini furaha haikudumu. Severina alitaka kuinuka akamkamatie mgeni kuku wa zawadi. Aliweka mkono mmoja chini, wa pili akaushikiza kwenye mwimo wa mlango, akavuta pumzi, akapanda kidogokidogo, uso umekunjamana, na wakati wote huo mdomo ukiendelea kuisifu mikono ya baraka.

Mwantumu akarudi mjini na kuku kwapani. Alikuwa amekwenda kutafuta ukweli, akapewa kuku. Aliona aibu, na aliona huruma kwa yule mjane aliyejitesa ili asimkwaze mgeni. Halfani alipokwisha kumchinja yule kuku, Mwantumu alikaa uani kumnyonyoa, na jirani yake Apolonia akaja kusaidia. Apolonia alikuwa Mngoni, mpishi katika nyumba ya mapadri, mwanamke mpana mwenye sauti iliyotangulia kufika kabla yake. Mwantumu akamsimulia yote. Apolonia akacheka mpaka manyoya yakapeperuka.

"Ulitegemea nini, mama Zubery? Umemfuata mtu kwake. Umemshika mwili kwa mikono yako, kisha unamuuliza kama mikono yenyewe ni mibovu. Mhehe gani atakujibu? Mgonjwa ukimuuliza hali atakwambia hajambo, hata kama roho iko mlangoni. Amefunzwa hivyo."

"Sasa nifanyeje? Nimpige?"

"Usimuulize wewe. Nipeleke mimi. Mimi ni mtani wake."

Hapo Mwantumu akaacha kunyonyoa. Zamani za mababu Wangoni na Wahehe walipigana mpaka wakachoshana, na vita ilipokwisha ukabaki utani. Mtani huingia kwako bila hodi, akakutukana mbele ya wanao, akabeba chungu chako, nawe ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Na kwa kuwa adabu haina kazi baina ya watani, hata la moyoni husemwa. Mwantumu alikuwa ameishi Iringa miaka yote hiyo akiuona utani misibani na vilabuni, akiucheka, na siku zote aliuchukulia kuwa mchezo tu.

Jumapili baada ya misa wakaenda wote wawili. Apolonia alianza kupiga kelele tangu kwenye shamba la mahindi.

"We Mhehe! Hujafa bado? Nimefuata vyungu vyangu vya urithi."

"Mwizi wa ng'ombe amekuja," Severina akajibu kutoka ndani. "Wanangu, fungeni zizi. Hawa walikimbia vita wakaacha ngao zao, leo wanarudi kuzichukua."

Walipokwisha kutukanana vya kutosha na kuchekana, Apolonia akaketi, akamnyooshea kidole. "Nasikia huyu mama wa pwani amekukanda ukapona. Mwongo mkubwa wewe. Hebu simama nikuone."

Severina akamtupia Mwantumu jicho, akasita.

"Usimtazame yeye. Nakuuliza mimi."

"Kupona nini!" Severina akasema, na maneno yakamtoka kwa mfululizo. "Hii mama ananikanda kama anakanda unga ya maandazi. Siku ile napata nafuu, ndiyo. Kesho yake pia. Nikishika jembe tu, mgongo inarudi na ndugu zake wote. Na pale kwenye mfupa anabonyeza mpaka naona nyota mchana. Nilitaka kumpiga teke."

"Mbona hukumpiga?"

"Ana heshima yake. Tena mafuta yake inanuka. Blanketi yangu mpaka leo inanuka."

Wale wawili wakacheka mpaka wakafutana machozi. Mwantumu hakucheka. Maneno yale yalimchoma, na hasa lile la blanketi, kwa maana mafuta yale ndiyo aliyojivunia kuliko yote. Lakini alikuwa hakutoka mjini kwa miguu kuja kubembelezwa. Katika matusi yote yale sikio lake lilishika kitu kimoja: siku ile napata nafuu.

"Siku unayokandwa," akauliza taratibu, "huwa unafanya kazi gani?"

"Kazi gani? Siku ile wakamwana wananikataza jembe. Nalala kutwa kama padri."

"Waache mapadri wangu," Apolonia akasema.

Mwantumu akafikiri. Basi nafuu ile ilikuwa ya mkono, au ya kulala? Msemo wa bibi Mwanakhamisi haukuwa na jibu. Mkono haudanganyi, sawa, lakini mkono haukuambiwa kwamba mwenye mgongo amepewa likizo. Lazima vitu hivi viwili vitenganishwe, akaona, kama mtu anavyotenganisha mchele na chuya. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufanya mwenyewe, akasema palepale jinsi atakavyovitenganisha. Wiki moja atakuja amkande, na Severina ashike jembe vilevile kama hakukandwa. Wiki itakayofuata Severina alale asishike jembe, na asikandwe. Wiki ya tatu akandwe na alale. Kila mara Mwantumu atamtazama akijitwika debe la maji kutoka chini mpaka kichwani, maana debe halina adabu za kumstahi mtu. Na atakayeuliza habari za maumivu ni Apolonia, si yeye.

"Mmerogwa nyinyi," Severina akasema. Lakini akakubali, na akaongeza kwamba safari hii mafuta yaje bila kunuka.

Ulikuwa msimu wa palizi, na njia ya Kalenga ilikuwa tope tupu. Mwantumu hakukosa hata mara moja. Siku nyingine walipata lori, siku nyingine walikwenda kwa miguu, Apolonia akilalamika njia nzima na asikubali kuachwa nyumbani. Wiki ya jembe, nafuu ya mkono iliisha kabla jua halijatua, na Severina alimweleza mtani wake jambo hilo kwa matusi ambayo hayafai kuandikwa. Wiki ya kulala bila kukandwa, mgongo uliganda, debe likaishia magotini likamwagika. Wiki ya vyote viwili, debe lilipanda kichwani bila mguno, na siku zilizofuata likapanda tena. Mwantumu akarudia mzunguko wote, kwa sababu mara moja inaweza kuwa bahati. Ikawa vilevile. Na alipouacha ule mfupa akahamia kwenye nyonga na mapaja, Apolonia aliambiwa kwamba mama wa pwani ameanza kupata akili.

Ila mgongo haukupona. Mwantumu alijilazimisha kulisema neno hilo kwa sauti njiani wakirudi: haukupona. Mkono ulipunguza, tena kwa siku chache tu, tena mwenye mgongo akipumzika. Lilikuwa neno dogo kuliko sifa zote alizowahi kupewa, lakini lilikuwa lake, na hakuna aliyempa kwa kumwonea haya.

Baada ya hapo akapanda basi mpaka Chimala kumtafuta Sedekia. Huko hakuhitaji Mngoni. Alimtafuta shemeji wa Sedekia, mdogo wa mkewe, maana shemeji naye ni mtani, akamwomba aulize. Yule dada akauliza mbele ya sahani ya wali, na Sedekia akajibu huku anatafuna kwamba bega liko vilevile, hajui hata kama liliguswa, na kwamba kilichokuwa kikimpeleka kwa mama yule kila lori likipita Iringa ni chai yake ya iliki. Basi lilipopita Makambako kurudi, Mwantumu alilia kidogo, akajifuta kwa ukaya wa kichwani. Kisha akala embe alilonunua njiani, akaendelea na safari.

Akampelekea Gideoni habari zote kama zilivyo, nafuu ya Severina na bega la Sedekia, hakupamba. Gideoni alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi pia nilikwenda kuwatazama wawili wangu," akasema. "Mmoja amepona. Mwingine anawapa kuku vidonge vyangu. Ananiambia kuku hawajambo."

Wakacheka, kila mmoja akijicheka mwenyewe. Kisha Gideoni akauliza, "Na mzee je?"

"Bado."

Alikuwa amezunguka mpaka Chimala ili asifike barazani kwake. Alijua hivyo, na alijikasirikia. Ya Severina yalikuwa majivuno tu, yameumia yamepona. Haya ya Halfani yalikuwa maisha yake. Kila jioni mkeka ulitandikwa, kila jioni afadhali ilisemwa, na gunia nyuma ya kiti likawa mawili. Nani amuulize? Halfani si mtani wa Wangoni. Ndugu zake wako Mbeya. Gideoni alikwisha muuliza, akajibiwa kwa adabu.

Ijumaa moja, Halfani aliporudi kutoka msikitini akitembea kwa hatua fupi, Mwantumu alimtazama akiuingia ua, na akakumbuka ua mwingine, nyumbani kwa babu yao Mbeya, na kijana mmoja mrefu aliyekuwa akimrushia maganda ya ndizi. Binamu ni watani tangu tumboni. Wao walitukanana utoto wao wote, matusi ya kila rangi, mpaka siku ya nikaha. Tangu siku ile Halfani akawa mume mwenye adabu kuliko waume wote wa Iringa, na watu wakamwonea wivu. Mtani wa Halfani alikuwa akila naye sahani moja miaka yote hiyo.

Hakungoja magharibi. Akatandika mkeka mchana uleule. Halfani akashangaa lakini akalala kifudifudi, kwa kuwa hakuwa mtu wa kubishana. Mwantumu hakugusa mafuta.

"Halfani," akasema.

Halfani akageuza shingo. Jina lake hakulisikia kinywani mwa mkewe tangu Zubery azaliwe.

"Leo sikuulizi kama mkeo. Nakuuliza mimi, binti wa mjomba wako, yule uliyemwita Mguu wa Kuku. Mgongo vipi?"

"Afadhali, mama Zubery, namshukuru—"

"Mama Zubery hayupo. Ametoka. Niko mimi, Pua ya Birika wewe."

Mabega ya Halfani yakatikisika. Mwantumu hakujua kama anacheka au vipi. Kuku waliparua uani, na Halfani aliposema alisemea mkekani.

"Unauma, Mguu wa Kuku. Ulikuwa unauma jana, na juzi, na mwaka juzi. Ukinikanda kiuno ndiyo unazidi. Nikisema afadhali, nasema ili uache."

"Ili niache?"

"Ulikuwa unatoka jasho. Ningekuambiaje?"

Mwantumu akakaa na mikono yake mapajani. Jioni zote zile zilimpita mbele ya macho, moja baada ya nyingine, yeye akibonyeza kwa nguvu zaidi kwa sababu anapenda, na mumewe akivumilia kwa sababu anapenda. Alitaka kulia na alitaka kumpiga kofi, na zaidi ya vyote alijisikia mwepesi, kwa maana sasa alijua.

"Jumatatu tunakwenda hospitali," akasema. "Mimi na wewe. Sikuombi ruhusa."

"Sawa."

"Na kiuno sikigusi tena."

"Alhamdulillahi," Halfani akasema, kwa moyo wake wote, na hilo nalo lilichoma.

Mwantumu akaweka kiganja kati ya mabega yake. "Hapa?"

"Siyo hapo."

Akashuka pembeni mwa mbavu. "Hapa?"

"Siyo hapo. Vidole vyako ni viziwi?"

Akashuka tena, akaipita ile sehemu aliyoibonyeza miaka yote, akafika kwenye nyonga, chini kidogo, mahali ambapo Severina alimfundisha kwa matusi. Akagandamiza polepole, akangoja. "Na hapa?"

Pumzi ndefu ikamtoka Halfani, na mguu wake wa kushoto, ambao siku zote hulala umekazana, ukalegea juu ya mkeka.

"Hapo," akasema. "Ila usidhani nakusifu."

Mwantumu akavuta bakuli la mafuta karibu.